UZI: Pesa ya mwanamuziki hupotelea wapi?

1/ Kila msimu wa siasa kuna mtu atapanda jukwaani aahidi "kulinda wasanii wetu". Umati unapiga makofi, halafu lawama yote inamwangukia kijana aliyepakua wimbo bure. Wadau, hii stori ni ya zamani kuliko intaneti. Twende pole pole.

2/ Enzi za santuri, kunakili muziki kulikuwa kugumu. Nairobi ilikuwa na mitambo ya kutengeneza sahani, na kampuni za kigeni zilikuwa na ofisi hapo mjini. River Road ilijaa maduka ya santuri. Kama huna pesa, unangoja Sauti ya Kenya iucheze wimbo wako redioni.

3/ Kisha ikaja kaseti. Mimi ni wa kizazi hicho. Redio ya kaseti mbili iligeuza sebule kuwa kiwanda. Unaandika nyimbo kumi kwa karatasi, unampa mwenye duka, jioni unachukua kaseti yako. Aliyeimba hapati hata ndururu. Kufikia mwanzo wa miaka ya 90, kampuni nyingi kubwa za kigeni zilikuwa zimefunga virago, na uharamia wa kaseti ulikuwa moja ya sababu.

4/ Kwani watu walikuwa wezi? Bei ilichangia, na mara nyingi ile halali haikufika sokoni kwao. Kaseti ya kunakili ndiyo ilimpa mwanamuziki jina mashinani, akaitwa kupiga dansi. Ilimlisha kwa mkono mmoja na kumnyang'anya kwa mwingine.

5/ Sheria nayo? Tulikuwa na ya 1966, ikafuatwa na Sheria ya Hakimiliki ya 2001. Hii ya pili ina kipengele ambacho wengi hawakijui: ilitambua kwamba watu watanakili nyumbani kwa matumizi yao, ikaweka ada ya kufidia wasanii, ilipwe na mtengenezaji au mwagizaji wa vifaa vya kurekodia na kanda tupu. Yaani adaiwe mwenye kontena bandarini, si mtoto mwenye redio.

6/ Teknolojia haikungoja. CD za kuchoma, flashi za kujaziwa nyimbo kwa cyber, Bluetooth kwa matatu, tovuti za MP3. Kila njia ilipozibwa, watu walipata nyingine ya bei nafuu zaidi.

7/ Halafu simu ikafanya kile kilichoonekana hakiwezekani: Mkenya akaanza kulipia wimbo, shilingi kidogo kidogo, ili anayempigia ausikie. Pesa ikapatikana! Kumbe ugomvi ukahamia kwenye mgao. Ilibidi marekebisho ya sheria ya 2022 yaandike wazi: msanii au mwenye hakimiliki asipate chini ya asilimia 52, kampuni ya simu 39.5, wakala wa katikati 8.5.

8/ Hapo ndipo nataka tukae. Kwa kaseti, pesa ilibaki kwa mwenye duka. Kwa simu, msanii alihitaji Bunge limhakikishie nusu ya jasho lake. Mpakuaji ana kosa lake, sikatai, lakini yeye ni rahisi kumzomea kwa sababu hana wakili.

9/ Kwa hivyo mwanasiasa akija na ahadi ya kulinda wasanii, muulize matatu: Nani anakusanya? Nani anakagua hesabu? Msanii wa Kisii au Malindi analipwa tarehe gani? Akianza kuzungumzia vijana wa kupakua, jua hana jibu.