Jordan, LeBron au Manute? Hesabu yetu sisi wa West Nile



Hapa kwetu ubishi wa basketi hauishi. Wenzetu wa Rhino Camp wakija mjini, wa Lobule wakishuka kutoka Koboko, tukikutana tu lazima mmoja aulize: nani mkali kuliko wote tangu mchezo uanze? Watu wa Jordan wanahesabu vikombe 6, kati ya 1991 na 1998. Watu wa LeBron wanasema 4 vyake vinatosha, maana tarehe 7 Februari 2023 alimpita Kareem Abdul-Jabbar kwa pointi za maisha, na Kareem alikuwa amekaa juu pale karibu miaka 39. Sauti zinapanda, chai inapoa.

Leo tunaleta jina la tatu. Mtacheka, lakini someni kwanza: Manute Bol.

Kwa namba za kawaida Manute hafiki popote. Miaka yote aliyocheza NBA alifunga pointi 1,599 tu. LeBron akiwa moto anazipita hizo ndani ya msimu mmoja. Ila Manute alizuia mipira 2,086. Yaani alizuia kuliko alivyofunga! Hakuna mwingine aliyecheza muda mrefu namna ile akamaliza hivyo. Alikuwa Mdinka wa Turalei, mchunga ng'ombe, urefu mita 2.31, na alipoanza na Washington Bullets msimu wa 1985/86 alizuia mipira 397 kwa msimu huo mmoja.

Lakini taji hatumpi kwa hayo. Vita vya Sudan vilikuwa vinawaka, na pesa zake nyingi alizirudisha nyumbani, kwa wakimbizi na kwa harakati za kusini. Zilipoisha hakukaa kimya. Mwaka 2002 alivaa glovu akapigana ngumi kwenye televisheni na William Perry, aliyekuwa nyota wa futiboli ya Kimarekani, ili apate mchango kwa Wasudan. Akasajiliwa hata na timu ya hoki ya barafu, na wala hakujua kuteleza kwenye barafu. Wamarekani walicheka. Sisi tunaojua kupanga foleni ya chakula hatuoni cha kucheka pale.

Halafu kuna hili la Misri. Familia ya Luol Deng kutoka Wau ilikimbia vita ikafika huko, na huko ndiko Manute aliwafundisha basketi Luol na kaka zake. Baadaye Deng alipata hifadhi Uingereza, akakulia London, akaingia NBA mwaka 2004, akachaguliwa kwenye mechi ya nyota mara mbili, 2012 na 2013. Alipostaafu 2019 akawa rais wa shirikisho la basketi la Sudan Kusini, na gharama nyingi za timu alizitoa mfukoni mwake. Nchi haikuwa na hata uwanja mmoja wa ndani. Wachezaji wengi walikuwa watoto wa waliokimbia: Wenyen Gabriel, kwa mfano, alizaliwa Khartoum akapitia Misri kabla ya kufika Marekani.

Mwaka 2023 timu hiyo ikaenda Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza, ikazipiga China, Ufilipino na Angola, ikapata tiketi ya Olimpiki. Tarehe 20 Julai 2024, London, mechi ya kirafiki, mapumziko yalifika Wamarekani wakiwa nyuma kwa pointi 16. Zikiwa zimebaki sekunde 8 ndipo LeBron mwenyewe akafunga, 101 kwa 100. Kwa hiyo ninyi wa LeBron, mjue mtu wenu alitolewa jasho na wanafunzi wa mwanafunzi wa Manute. Siku nane baadaye, kule Lille, wakaanza Olimpiki kwa kupigiwa wimbo wa taifa wa Sudan, siyo wao. Walisimama tu wakasubiri wimbo wao upigwe. Kisha wakaifunga Puerto Rico 90 kwa 79.

Mdogo kuliko wote kwenye kikosi kile alikuwa Khaman Maluach, miaka 17. Huyu ni wa kwetu kabisa. Alizaliwa Rumbek, akakulia Kawempe, Kampala, akaushika mpira wa basketi akiwa hapahapa Uganda. Tarehe 5 Aprili 2025 serikali ya Marekani ilitangaza kufuta visa za wote wenye pasipoti ya Sudan Kusini. Siku hiyohiyo Maluach alikuwa uwanjani na chuo chake, Duke, katika nusu fainali ya vyuo, wakafungwa na Houston 70 kwa 67. Mwaka huohuo kuna wenzetu wengi ambao kesi zao za safari zilisimama, mtu begi limefungwa tangu Januari, kwa hiyo habari ile tuliisoma mara mbili mbili. Tarehe 25 Juni akachaguliwa wa 10 kati ya wachezaji wapya wa NBA, akaenda Phoenix Suns.

Manute hakuyaona haya. Alifariki tarehe 19 Juni 2010, siku moja kabla ya Siku ya Wakimbizi Duniani, na uhuru wa nchi yake ulikuja mwaka uliofuata.

Tunajua Wakongo wa Lobule watakuja na Dikembe Mutombo, na hapo hatuna jeuri. Mara nne mlinzi bora wa NBA, mipira 3,289 aliyozuia, na anayemzidi ni Hakeem Olajuwon wa Nigeria peke yake. (Hakeem kwa uwezo aliwazidi wote wawili, vikombe 1994 na 1995, ila hapa kwetu hakuna Mnaigeria wa kumtetea. Bahati mbaya yake.) Mama yake Mutombo alifariki Kinshasa bila kufikishwa hospitali kwa sababu ya vurugu mjini, naye akajenga hospitali yenye vitanda 300 akaiita jina la mama, Biamba Marie. Ilifunguliwa 2007. Alifariki Septemba 2024, na bado inatibu watu.

Tukipiga kura siku Wakongo wamejaa, Mutombo anashinda. Ndiyo maana tumeandika kabla gari la Koboko halijafika.