Nani Aliyezihesabu?

Mwalimu yeyote aliyepata kuketi jioni na watoto ufukoni mwa Ziwa Kivu, hapa Gisenyi, amekwisha kuulizwa swali hili: nyota za mbinguni ni ngapi? Wengi wetu hujibu kwamba ni nyingi mno, hazina idadi. Jibu hilo lina ukweli, lakini halimridhishi mtoto, naye huondoka akiamini kwamba mwalimu hajui.

Nasreddin Hoja, mcheshi wa Waturuki ambaye mapokeo humweka katika karne ya 13, alikuwa na jibu jingine. Husimuliwa kwamba wasomi watatu walimjia ili wampime akili. Wa kwanza alimwuliza katikati ya dunia ni wapi. Hoja akaonyesha mahali punda wake alipokanyaga, akasema ni hapo hasa, na asiyeamini na apime. Wa pili akauliza idadi ya nyota. Akaambiwa kwamba ni sawasawa na manyoya ya punda, na mwenye shaka na ahesabu. Wa tatu, aliyekuwa na ndevu nyingi, akauliza ndevu zake mwenyewe ni ngapi. Hoja akamjibu kwamba ni sawa na nywele za mkia wa punda, tena yuko tayari kuthibitisha: wang'oe moja kidevuni na moja mkiani, moja kidevuni na moja mkiani, mpaka ziishe. Msomi akakubali kushindwa kabla ya kung'olewa hata moja.

Nasi tunazo hadithi za ukoo huohuo chini ya jina la Abunuwasi, mshairi wa Baghdad aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 9, na ambaye Waswahili wamemgeuza kuwa jirani yao kwa werevu na ujanja. Jambo la kutazama katika hadithi ya punda ni hili: Hoja hakuhesabu chochote. Ametaja kipimo kamili, kisha akamtwika muulizaji mzigo wa kuhakikisha. Kadiri kipimo kinavyokuwa kamili, ndivyo mzigo unavyozidi kuwa mzito. Mtu akikuambia kwamba barazani kulikuwa na watu kama mia mbili, waweza kubishana naye. Akikuambia walikuwa mia mbili na kumi na tatu, unanyamaza, kwa sababu unadhani alisimama mlangoni akihesabu.

Fasihi ya dunia ina wahusika wengi wa namna hii, na inafaa tuwafuate kidogo, maana historia yao inakuja kufika hapa kwetu.

Tuanze na kitabu ambacho wanafunzi wa Kiswahili wamekisoma kwa vizazi, Alfu Lela Ulela, yaani usiku elfu na mmoja. Katika karne ya 10 Mas'udi, mwandishi mzaliwa wa Baghdad, alitaja kitabu cha Kiajemi ambacho jina lake lilikuwa hekaya elfu tu. Katika karne ya 12, karatasi moja iliyohifadhiwa Cairo tayari ina jina la usiku elfu na mmoja. Elfu peke yake humaanisha wingi. Elfu na moja humaanisha kwamba kuna mtu aliyehesabu. Lakini hakuna aliyekuwa amehesabu. Hati ya Kiarabu aliyoitumia Mfaransa Antoine Galland, aliyechapisha tafsiri yake kati ya 1704 na 1717, hukatika karibu na usiku wa 282. Wasomaji walitaka usiku wao wote waliouahidiwa na jina la kitabu, basi wakusanyaji wa Ulaya na wa Misri wakatafuta hekaya kila mahali, wakaongeza za Sindbad, za Aladini, na nyingine nyingi, mpaka hesabu ikatimia. Idadi ilitangulia, hekaya zikaja baadaye kuijaza. Naomba msomaji akumbuke mpangilio huo.

Wafaransa nao wana jitu lao, Gargantua, aliyeandikwa na François Rabelais katika mwaka 1534 hivi. Alipokuwa mtoto, maziwa yake yalitoka kwa ng'ombe 17,913. Alipofika Paris aliwakojolea wenyeji kutoka juu ya kanisa, wakafa maji watu 260,418, mbali na wanawake na watoto. Hapa nambari ni mzaha mtupu, na utamu wote umo katika ile 18 ya mwisho. Angalisema watu laki mbili na nusu, asingecheka mtu.

Kwa Jonathan Swift, mzaliwa wa Dublin wa mwaka 1667, mzaha unakuwa mchungu. Wengi wetu twamjua kwa Safari za Gulliver, kitabu cha 1726 ambacho kimefasiriwa kwa Kiswahili tangu zama za ukoloni. Watu wadogo wa Lilliput walimpima Gulliver, wakaona kimo chake ni mara 12 ya kimo chao, wakaamuru apewe kila siku chakula cha watu 1,728. Mwanafunzi apendaye hesabu ataona mara moja kwamba ni 12 mara 12 mara 12. (Na kwa bahati tu, 1728 ndio mwaka unaotajwa kwa Utendi wa Tambuka, wa Mwengo wa Athumani wa Pate. Mimi humtajia mwanafunzi jambo hilo ili asisahau tarehe, wala si kwa sababu nyingine.)

Lakini mhusika wa Swift anayetuhusu zaidi hana jina. Ni msemaji wa makala fupi aliyoitoa Swift mwaka 1729, wakati Ireland ilipokuwa katika njaa na ufukara chini ya mabwana wa Kiingereza. Msemaji huyo ni mtu mpole, mpenda nchi, anayesikitika kuona omba-omba njiani na watoto wao mgongoni. Anakaa, anapiga hesabu. Wakazi wa nchi ni milioni moja na nusu. Katika hao, ndoa ambazo mke aweza kuzaa ni 200,000. Anaondoa 30,000 wawezao kulea watoto wao. Anaondoa 50,000 wengine kwa mimba zinazoharibika na watoto wanaokufa kabla ya mwaka. Wanabaki watoto 120,000 wa maskini kila mwaka. Katika hao, asema, 20,000 watunzwe kwa ajili ya kuzaliana, na 100,000 wauzwe wakifika umri wa mwaka mmoja, waliwe. Kwani mtoto huzaliwa na uzito wa ratili 12, na akinyonya vizuri hufikia ratili 28.

Msomaji anayekutana na makala hayo bila kuonywa hufika mbali kabla hajashtuka. Amekwisha kuafikiana na kutoa kwa kwanza, akakubali na kwa pili, na hesabu ni sahihi, hata yeye mwenyewe ameihakikisha kichwani. Swift hakumtungia mhusika wake sauti ya muuaji. Alimpa sauti ya karani. Alikuwa na sababu. Nusu karne na zaidi kabla yake, William Petty alikuwa ameipima Ireland, mwaka 1655 na 1656, ili ardhi waliyonyang'anywa wenyeji igawiwe askari na wadai wa Uingereza. Kisha akaandika kitabu, kilichochapwa 1690 baada ya kifo chake, cha kufundisha kwamba mambo ya dola yasemwe kwa idadi, uzito na kipimo. Swift alikuwa amezisoma hesabu za namna hiyo. Alizipeleka tu hatua moja mbele.

Walimu wenzangu wa Rwanda na wa Kongo waliosoma kwa Kifaransa watakuwa wamekwisha kumkumbuka mwingine, yule mfanyabiashara wa Antoine de Saint-Exupéry katika kitabu cha 1943 ambacho sasa tunacho kwa Kiswahili kwa jina la Mwana Mdogo wa Mfalme. Yuko peke yake katika kisayari chake, anajumlisha nyota. Amefikia 501,622,731. Katika miaka 54 amesumbuliwa mara tatu tu. Akiulizwa anahesabu nini, neno lenyewe linamtoroka kwanza. Akiulizwa kwa nini, husema nyota ni mali yake, kwa sababu yeye ndiye wa kwanza kufikiri kuzimiliki. Huandika idadi katika karatasi na kuifungia karatasi katika mtoto wa meza. Hoja alitaja idadi ili amwondoe mtu mbele yake; huyu anataja idadi ili apate hati ya umilikaji.

Niseme neno kwa wanaofundisha, maana nambari hiyo ni zoezi zuri. Kwa Kiswahili hutamkwa: milioni mia tano na moja, elfu mia sita ishirini na mbili, mia saba thelathini na moja. Tatizo limo katika neno elfu kutangulia. Mwambie mwanafunzi aandike kwa tarakimu, kwa kusikia tu, "elfu mia sita na mbili". Mmoja ataandika 602,000, mwingine 600,002, na wote wawili wana haki. Ndiyo sababu wengine husema "mia sita na mbili elfu", na watu wa pwani wana neno laki la kuwaokoa. Huku kwetu mpakani, mfanyabiashara wa Goma na wa Gisenyi huzungumza Kiswahili kuanzia salamu hadi kulalamikia bei, lakini bei yenyewe ikiwa kubwa huitaja kwa Kifaransa. Wapo wanaomlaumu. Mimi nadhani anaogopa tu zile 600,002.

Sasa tuje kwenye mpaka wenyewe. Tarehe 1 Agosti 1885 Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji alitangaza kwa mataifa mipaka ya Dola Huru ya Kongo. Kwa upande wetu, mpaka ulikuwa mstari ulionyooka, kutoka ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika hadi mahali longitudo ya digrii 30 mashariki inapokutana na latitudo ya digrii 1 na dakika 20 kusini. Soma tena zile dakika 20. Mtu angedhani kwamba kuna mpimaji aliyesimama hapo na darubini yake. Hakuna Mzungu aliyekuwa amefika. Ziwa Kivu lenyewe halikuwamo katika ramani zao ila kwa uvumi. Kwa mstari huo ziwa lote na Gisenyi yote, pamoja na nchi ya zaidi ya kilomita 50 mashariki yake, vilikuwa mali ya mtu mmoja aliyeketi Brussels. Mwami Rwabugiri, aliyekuwa akitawala nchi hiyo, hakuambiwa.

Miaka tisa ikapita. Mwishoni mwa 1893 Mjerumani von Götzen aliondoka Pangani na msafara wa wapagazi wa pwani na bara yake, akaingia Rwanda Mei 1894, akaonana na Rwabugiri, akapanda Nyiragongo, akateremka ziwani upande huu wa kaskazini. Ndipo ilipoonekana kwamba ule mstari ulipita katikati ya ufalme wa watu. Wajerumani wakataka mpaka ufuate ziwa na milima; Wabelgiji wakashikilia karatasi yao. Waligombana hadi mkutano wa Brussels wa 1910, ambapo mstari mwingine ulichorwa: Gisenyi ikabaki kwa Wajerumani, na kisiwa cha Idjwi, ambacho Rwabugiri alikuwa amekiteka, kikaenda Kongo. Anayevuka leo kwenda Goma sokoni anavuka masahihisho ya hesabu ya mtu ambaye hakuhesabu.

Sitaki kumaliza bila kutaja hesabu nyingine, ingawa si nyepesi kuitaja. Kwa miongo mingi vitabu vya wakoloni, na baadaye vya jamhuri, vilirudia kwamba Wanyarwanda ni asilimia 85 ya kundi moja, 14 ya la pili na 1 ya la tatu. Watu walizaliwa, wakafa, wakakimbilia uhamishoni kwa maelfu mwaka 1959 na baada yake, wakaoana. 85, 14 na 1 hazikutikisika. Baada ya 1973 nafasi za shule za sekondari ziligawanywa kwa kiasi cha namna hiyo, na mtoto aliyefaulu mtihani aliweza kukosa dawati kwa sababu fungu lake limekwisha kujaa. Tuliona katika Alfu Lela jinsi hekaya zilivyotafutwa ili zijaze idadi. Hapa waliolazimishwa kulingana na idadi walikuwa watoto. Neno la kundi liliandikwa pia katika kitambulisho tangu miaka ya 1930, na mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, neno hilo lilisomwa vizuizini.

Katika darasa langu huwa nasoma kwanza hadithi ya punda, kisha makala ya Swift kwa muhtasari, na wanafunzi wananyamaza pale panapostahili kunyamaza. Baadaye nawapa kazi: kila mmoja atunge ukurasa mmoja juu ya mtu ajuaye idadi ya kila kitu. Mwaka mmoja msichana alitunga habari za mvuvi mzee wa hapa ziwani anayedai kwamba sambaza wa Ziwa Kivu ni 9,406,213, mbali na wale wadogo. Darasa likacheka. Kijana mmoja akainua mkono akataka kujua kama mzee aliwahesabu kabla ya wavuvi kuingia na taa zao usiku au baada ya kurudi. Mtunzi akafikiri kidogo, akajibu kwamba ni kabla, tena asubuhi ile mzee mwenyewe alikuwa amekwisha kula sita.