Nyumba ya Wahindu na Nyumba Zetu: Historia ya Elimu Moja ya Kujenga

Mkristu akimaliza kujenga nyumba yake hapa Likasi, anamwita padri aje kuibariki. Ni desturi njema, wala hatutaki kuipunguza. Lakini padri mwenye kutazama vizuri ataona kwamba mara nyingi yeye si wa kwanza kufika. Kabla yake wamepita mpima lupango, fundi, na pengine mzee mmoja aliyefukia kitu karibu na mlango. Maana hakuna taifa linalojenga nyumba kama vile mtu anavyofunga mzigo. Kila taifa linajiuliza: mlango utazame wapi, moto uwekwe wapi, mahali hapa pana mwenyewe au hapana? Wahindu ni kati ya wale walioandika majibu yao kwa urefu sana. Kwa hiyo nimeona inafaa kuwaeleza wasomaji historia ya elimu yao, inayoitwa vastu, na njia iliyopita hata kufika Afrika yetu.

Neno vastu kwa lugha ya Kisanskriti ni mahali pa kukaa, yaani kiwanja pamoja na nyumba iliyo juu yake. Varahamihira, mtaalamu wa nyota wa karne ya 6, aliandika juu ya nyumba katika kitabu chake Brihat Samhita. Baadaye, upande wa kusini wa Uhindi, vilitokea vitabu vya mafundi, kama Mayamata na Manasara. Hivyo ni vitabu vya watu wa kamba na patasi, wanaotaka kujua nguzo ya namna fulani iwe na dhiraa ngapi. Dhiraa yao inagawanywa katika vidole 24.

Kazi inaanza na udongo. Fundi anachimba shimo la dhiraa moja, kisha anarudisha udongo uleule ndani. Udongo ukizidi, kiwanja ni chema. Ukilingana na shimo, ni cha katikati. Ukipunguka, akatafute pengine. Tena anajaza shimo maji, anatembea hatua mia moja, anarudi kuona yamebaki kiasi gani. Wasomaji waliokulia vijijini wanajua kwamba wazee wetu nao walipima kiwanja. Katika vijiji vingi vya upande wetu waliweka unga chini jioni, na asubuhi wakaja kuona kama umebaki vilevile. Lakini tuone tofauti. Unga unawauliza wahenga kama wanakubali. Shimo linauliza udongo kama umeshikamana. Mpima wa leo anayejenga shule ya matofali karibu na kichuguu anauliza neno lilelile kwa chombo kingine.

Baada ya udongo ni jua. Fundi anasawazisha kiwanja, anasimamisha kijiti katikati na kuchora duara kukizunguka. Asubuhi kivuli ni kirefu, kinapita nje ya duara; jua likipanda, kivuli kinapungua, na pale ncha yake inapogusa duara fundi anatia alama. Baada ya saa sita kivuli kinarefuka kwa upande wa pili, na ncha ikigusa duara tena anatia alama nyingine. Kamba inayounganisha alama hizo mbili ndiyo njia ya mashariki na magharibi. Hakuna dira, wala hakuna uchawi. Katekista yeyote anaweza kufanya hivyo kwenye kiwanja cha shapeli yake, kama anataka altare ielekee mashariki kama walivyopenda wakristu wa zamani.

Hapo elimu ya kamba inaingia katika elimu ya miungu. Wahindu wanasimulia kwamba zamani kiumbe kimoja kikubwa sana kiliziba mbingu na nchi. Miungu ikakikamata, ikakiangusha kifudifudi, kila mmoja akakalia sehemu ya mwili wake kisiinuke tena. Kiumbe hicho, Vastupurusha, ndicho kinacholala chini ya kila kiwanja, kichwa chake upande wa kaskazini-mashariki. Kwa hiyo fundi anagawanya kiwanja katika vyumba vya mraba, 64 au 81, na kila mungu anapewa mahali pake, jumla yao 45. Katikati ni pa Brahma. Hapo pasijengwe kitu kizito, na katika nyumba nyingi ndipo penye ua ulio wazi juu. Agni, mungu wa moto, anakaa kusini-mashariki, basi jiko liwe huko. Kaskazini-mashariki ni pa maji na sala. Kusini-magharibi pawekwe vitu vizito. Kusini ni kwa Yama, mungu wa mauti, na wengi wanaogopa kuelekeza mlango huko. Hata mji mzima uliweza kupangwa hivyo: Jaipur, ulioanzishwa mwaka 1727 na mfalme Jai Singh, una ramani ya miraba tisa, na mmoja umesogezwa pembeni sababu mlima ulizuia. Napenda neno hilo la mlima. Linaonyesha kwamba fundi alikuwa na akili kuliko ramani yake.

Elimu hii ilivukaje bahari? Kwanza kwa wafanyabiashara. Siku za Seyyid Said, Wabhatia kutoka Kutch walikuwa na nguvu kubwa Zanzibar. Mmoja wao, Jairam Shivji, alikodi ushuru wa forodha ya kisiwa chote. Lakini katika Mji Mkongwe nyumba zimebanana ukuta kwa ukuta. Duka liko chini, watu wanakaa nyuma na juu, na mlango hauna budi kutazama njia ya wanunuzi, Yama apende asipende. Kilichoweza kuchukuliwa ni kile cha ndani: pembe ya sala na usafi wa jiko. Halafu ikaja reli ya Uganda, kati ya 1896 na 1901, iliyoleta wafanyakazi karibu 32,000 kutoka Uhindi. Wengi wao walirudi kwao. Waliobaki, na wale waliowafuata, wakajenga mahekalu katika miji ya Kenya, Uganda na Tanganyika.

Anayetaka kuona kanuni zenyewe zikifuatwa bila kupunguzwa, aende Nairobi kwenye hekalu la Swaminarayan lililofunguliwa mwaka 1999. Mawe yake ya rangi ya manjano yalitoka Jaisalmer. Ndugu yake wa London, la mwaka 1995, lilijengwa kwa vipande 26,300 vya mawe kutoka Bulgaria na Italia. Vilipelekwa kwanza Uhindi kuchongwa, kisha vikaletwa London na kupangwa kimoja juu ya kingine, bila nguzo za chuma, sababu kadiri ya desturi hiyo chuma hakifai kubeba hekalu. Sisi tunaofunika makanisa yetu kwa manjanja tunaweza kushangaa. Tusicheke lakini, wanajenga kwa miaka elfu, nasi tunabadilisha manjanja kila mara mvua inapotuamuru.

Kuna jambo ambalo watu wa elimu hii hawalitaji mara nyingi. Vitabu viliandikwa kaskazini ya ikweta. Huko Gujarat, saa sita mchana jua liko upande wa kusini karibu mwaka mzima. Kaskazini ni upande wa kivuli. Vitabu vikisema nyumba iwe wazi kaskazini na nzito kusini, vinataja miungu, lakini mwili wa mwenye nyumba unapata ubaridi. Likasi iko kusini ya ikweta, karibu nyuzi 11. Kwetu jua linapita juu ya kichwa mwezi wa pili na mwezi wa kumi, na kati ya hizo, miezi nane, liko kaskazini. Basi dirisha la kaskazini linaleta jua ndani mwezi wa sita na wa saba, wakati wa baridi, tunapolihitaji. Kanuni imebaki njema, lakini kwa sababu iliyo kinyume kabisa. Jiko nalo? Wakati wa kiangazi upepo wetu unatoka kusini-mashariki. Mwanamke atakayepika katika pembe ya Agni atajaza moshi nyumba nzima. Hivyo kanuni moja inavuka ikweta salama na nyingine inazama, na anayezichukua zote kwa hofu hawezi kujua ipi ni ipi. Hapo ndipo mchungaji wa roho ana kazi, maana kuna wakristu wetu pia walioziba mlango mzima sababu mtu fulani aliwaambia unaleta mauti.

Lakini si hofu tu. Vitabu hivyo vinapanga watu pia. Udongo mweupe ni wa Wabrahmani, mwekundu wa wapiganaji, wa manjano wa wafanyabiashara, mweusi wa Washudra watumishi. Katika mji Wabrahmani wakae kaskazini, Washudra magharibi, na watu wasiohesabiwa wakae nje, karibu na mahali pa kuchoma maiti. Msomaji wa Likasi hahitaji kueleweshwa sana. Elisabethville ilipopimwa mwaka 1910 kwa amri ya Wangermée, njia zilinyoshwa kama kamba ya fundi, na baadaye uwanja mtupu ukaachwa kati ya mji wa wazungu na makao ya weusi. Mji wetu, ulioitwa Jadotville tangu 1931 hata 1966, ulifuata mawazo yaleyale: huku ville, huku cité, huku kambi za Union Minière zenye nyumba zilizofanana, safu kwa safu. Na nyuma ya kila lupango la mzungu, boyerie. Hapakuwa na Vastupurusha chini ya ramani hiyo, lakini kila mtu alijua amelala juu ya mraba upi. Mwaka 1967 mali ya Union Minière ilichukuliwa na Leta, mabwana wakabadilika. Nyumba zilibaki pale zilipo.

Eklezia imefanya nini mbele ya elimu hii? Padri Roberto de Nobili, Myezuiti, alifika Madurai mwaka 1606. Aliacha nyumba ya Wareno, akakaa kama mtawa wa nchi, akala chakula chao bila nyama. Wengi walimshtaki, lakini mwaka 1623 Baba Mtakatifu Gregori XV aliruhusu desturi alizozitetea. Mwaka 1950 mapadri wawili Wafaransa, Jules Monchanin na Henri Le Saux, walianzisha Shantivanam kando ya mto Kaveri. Kanisa dogo la huko limejengwa kwa mfano wa mahekalu ya kusini. Na mwaka 1963 Konsilio ya Vatikano ya Pili, katika hati juu ya Liturujia, ilisema wazi kwamba Eklezia haikuchukua namna moja ya ufundi kuwa ndiyo yake peke yake.

Historia hiyo nzuri ina ndugu yake mbaya, nao waseminari waijue. Nobili alipowafuata Wabrahmani katika desturi zao, aliwafuata pia katika kutengana na watu wa chini, na misioni ya Madurai ilibidi iweke wamisionari wengine kwa ajili ya hao. Mbegu hiyo ilizaa matofali. Katika kijiji cha Vadakkankulam, kusini kabisa ya Uhindi, mwaka 1872 wakristu walijenga kanisa lenye mabawa mawili yanayokutana kwenye altare, kama miguu miwili ya suruali. Bawa moja lilikuwa la Wavellala, la pili la Wanadar, na kuta katikati. Wote waliiona Hostia moja ikiinuliwa, lakini hawakuonana wao kwa wao. Wavellala walipinga kila badiliko kwa nguvu. Mwaka 1910 padri wao aliamuru kuta zibomolewe.