Kifo cha ubongo: mashine inapoitwa kutoa ushahidi

Leo naweka kando programu, tuongelee historia ya kipimo.

Watu wa kompyuta tunalijua tatizo hili: seva haijibu. Imekufa, au waya umechomoka? Sasa tuseme si seva, ni kijana wa bodaboda aliyegongwa hapa Kona ya Musa, akaumia kichwa. Yuko kwenye mashine ya kupumulia. Kifua kinapanda na kushuka, mwili una joto, moyo unadunda. Daktari anasema amefariki. Mama yake anauliza, "Mbona anapumua?"

Zamani swali hilo halikuwepo. Pumzi ikikatika, moyo nao ulifuata. Mashine ya kupumulia ndiyo iliyovitenganisha. Mwaka 1959 madaktari wa Paris, Mollaret na Goulon, walieleza wagonjwa waliokuwa wamevuka hata koma. Tarehe 3 Desemba 1967, mjini Cape Town, Christiaan Barnard alipandikiza moyo wa binti wa miaka 25 aliyegongwa na gari. Dunia ikauliza: mtoaji anahesabiwa amekufa saa ngapi?

Agosti 1968 kamati ya Chuo Kikuu cha Harvard ikatoa masharti. Mgonjwa haitikii chochote, hapumui mwenyewe, na uchunguzi urudiwe baada ya saa 24. Mwili usiwe umepoa chini ya nyuzi 32.2, wala asiwe na dawa za kulaza ubongo. Kipimo cha mawimbi ya umeme ya ubongo, kazi ya Mjerumani Hans Berger katika miaka ya 1920, kikapewa nafasi ya kuthibitisha.

Mstari ulionyooka ulionekana ushahidi usiopingika. Lakini miaka ya 1970 daktari Adrian Upton wa Kanada alibandika nyaya za kipimo hicho kwenye jeli, ile ya kula. Jeli ikaonyesha mawimbi! Nyaya zilikuwa zinanasa vurugu za umeme za hospitali. Tena kipimo husikiliza tabaka la juu la ubongo, ilhali shina la ubongo ndilo linaloamuru pumzi. Na dawa nzito zinaweza kuunyoosha mstari wa mtu aliye hai.

Mwaka 1976 madaktari wa Uingereza wakaamua kuwa kupima shina la ubongo kitandani kunatosha. Mwaka 1980 kipindi cha Panorama cha BBC kikahoji kama watoaji wa viungo wamekufa kweli, na watu wakaogopa kutoa. Madaktari walijibu kuwa wagonjwa walioonyeshwa hawakutimiza masharti ya Uingereza, lakini hofu ilishaingia.

Baadaye vikaja vipimo vya kuangalia kama damu inafika kwenye ubongo: picha za mishipa, na ultrasaundi ya kichwa iliyoanza mwaka 1982. Mwaka 2023 mwongozo mpya wa Marekani ukakiondoa kabisa kipimo cha mawimbi kwenye orodha ya vipimo vya nyongeza.

Hata wanazuoni hawakuafikiana. Baraza la Fiqhi lililokutana Amman mwaka 1986 lilikubali kifo cha ubongo kuwa kifo. Lile la Makka, mwaka 1987, liliruhusu mashine kuondolewa, lakini hukumu ya kifo ingoje moyo usimame. Kwa familia ya Kidigo ya Kwale tofauti hiyo si ndogo: inagusa eda na mirathi.

Basi mama tumjibu nini? Kwamba anayepumua ni mashine. Daktari humulika mboni, hugusa jicho, huchokoza koo, kisha humtenga na mashine kwa muda, huku akimpa oksijeni, aone kama hewa chafu ikijaa kwenye damu mwili utaitafuta pumzi. Yakikamilika hayo, kipimo cha nyongeza hakihitajiki. Huitwa pale uchunguzi usipokamilika: uso umepondeka, au dawa bado zimo mwilini. Na kama dawa zimo na kipimo hakipo, jibu la kweli ni kusubiri.

Sisi tunaopenda vifaa tukumbuke ile jeli. Mashine inaweza kusema "hai" mahali pasipo na uhai. Tukutane wiki ijayo.