Suruali ya Kiaskari: Asili ya Vazi na Jina Lake

Majina ya mavazi humsumbua mfasiri kwa sababu vazi husafiri upesi kuliko jina lake. Katika makala haya twakusudia kueleza asili ya suruali ya kiaskari yenye kiuno cha juu na marinda, ambayo siku hizi huvaliwa na raia pia, kisha tupendekeze jina liifaalo.

Suruali hiyo hufika kitovuni. Ukanda wake umeshonwa pamoja nayo. Ncha zake mbili hupishana tumboni, na kila moja hufungwa ubavuni kwa bizimu. Chini ya ukanda yapo marinda. Mvaaji akichuchumaa, marinda hufunguka na kumpa nafasi. Akisimama, hujifunga na suruali ikanyooka. Hayakuwa mapambo tu, bali yalikuwa na kazi.

Wafanyabiashara wa nguo za kigeni huiita kwa jina la Wagurkha, askari wa Nepali walioanza kuandikishwa katika jeshi la Waingereza nchini India mwaka 1815. Hata hivyo, atakayeandika “suruali ya Kinepali” atapotosha. Vazi la jadi la Wanepali huitwa suruwal: ni pana mapajani, jembamba miguuni, nalo hufungwa kwa kamba. Jina hilo ni ndugu wa suruali yetu, kwani yote mawili yametokana na shalwar ya Kiajemi, ila sisi tulilipokea kwa njia ya Kiarabu. Basi Wagurkha na Waswahili wanashiriki neno. Mshono wa marinda na bizimu ni wa sare ya majeshi ya Uingereza katika India.

Kutoka huko huko lilikuja neno kaki. Khak kwa Kiajemi ni vumbi, na rangi hiyo ilianza kuvaliwa na kikosi alichokiunda Harry Lumsden huko Peshawar mwaka 1846. Kwa mkazi wa Ihumwa, mashariki ya mji wa Dodoma, maana hiyo haihitaji ufafanuzi: wakati wa kiangazi vumbi la Ugogo huivika kaki nguo yoyote.

Kaki ilitufikia pamoja na majeshi ya kikoloni. Kikosi cha King's African Rifles, ambacho askari wake waliitwa keya, kiliundwa mwaka 1902, na kaptura ya kaki ikawa alama yao. Dodoma yenyewe ilitwaliwa na majeshi ya Uingereza kutoka kwa Wajerumani mwezi Julai 1916. Mwaka 1944 keya walipigana Burma katika jeshi moja na Wagurkha. Kwa hiyo historia ya sare hizi si ya watu wa mbali. Wazee wetu nao walizivaa.

Baada ya maasi ya Januari 1964, Jeshi la Wananchi wa Tanzania liliundwa Septemba mwaka huo. Askari wa kambi ya Ihumwa leo huvaa mabaka, lakini kaki haikutoweka katika lugha: tunayo kaptura ya kaki ya mwanafunzi, na bahasha ya kaki katika kila ofisi.

Sasa tuje kwenye istilahi. Mtumishi anayeandaa zabuni ya sare hana budi kutofautisha maneno matatu. Rinda ni kunjo lililoshonwa makusudi. Mkunjo ni alama yoyote ya kukunjika, hata ile isiyotakiwa. Upindo ni ncha ya nguo iliyokunjwa na kushonwa. Akiandika mkunjo mahali pa rinda, fundi aweza kuleta suruali iliyopigwa pasi tu, bila marinda, wala mkataba hautamhukumu.

Huenda wengine wakapinga kwamba marinda ni ya magauni. Sisi twaona kwamba neno hilo hutaja mshono, si jinsia ya mvaaji.

Twapendekeza basi suruali ya marinda liwe jina la jumla, na suruali ya marinda yenye ukanda wa bizimu liwe jina la aina hii. Maneno yote hayo tayari yamo katika Kiswahili. Jina la Wagurkha libaki katika maelezo ya historia, pamoja na la keya.