Askari na Nyumba Yake: Rusizi, 1914–1916

Tunapofundisha jinsi Kiswahili kilivyoingia Rwanda, kwa kawaida tunawataja askari wa Wadachi na wafanyabiashara, kisha tunaendelea na mada nyingine. Hata neno la Kinyarwanda umusirikare limetokana na sirikali yetu. Lakini huyo askari aliishi vipi, na aliishi na nani?

Jeshi la Wajerumani lilijenga kituo Shangi, katika mkoa wa zamani wa Cyangugu, mwishoni mwa karne ya 19. Askari wake wengi walitoka mbali: Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema, na wengine wenye asili ya Sudani. Amri za gwaride zilitolewa kwa Kijerumani. Maisha mengine yote yalikwenda kwa Kiswahili. Askari wa cheo cha chini alilipwa rupia 20 hivi kwa mwezi, fedha iliyomwezesha kuoa, kuweka mtumishi na kuitwa bwana. Aliishi kituoni pamoja na mke na watoto. Mke huyo ndiye aliyekwenda kununua maharage na ndizi kwa wenyeji, kwa hiyo nadhani tunakosea tunapoliacha jina lake nje ya historia ya lugha yetu.

Vita vilipoanza mwaka 1914, mto Rusizi, uliowekwa kuwa mpaka na Kongo ya Wabelgiji kwa mapatano ya 1910, ukawa mstari wa mapigano. Septemba mwaka huo kikosi cha Kapteni Max Wintgens kiliteka kisiwa cha Ijwi. Aprili 1916 Wabelgiji walivuka Rusizi chini ya Olsen, ofisa mwenye asili ya Denmark, na Wajerumani wakarudi nyuma kupitia Burundi hadi Tabora. Familia nazo zilifuata. Wanawake walibeba vyungu, mikeka, nafaka na watoto mgongoni. Jioni, wakati mume amepangiwa lindo, wao walitafuta kuni, wakatwanga na kupika. (Askari wa upande wa pili wa mto nao walikuwa na wake zao.)

Tabora ilitekwa tarehe 19 Septemba 1916. Askari wengi wa Unyamwezi hawakuendelea na safari ya kusini, na maofisa wao wakawaita watoro. Neno hilo lina uzito wake kwa Kijerumani, lakini mtu aliyekwisha kufika kwao, mke na watoto wakiwa pamoja naye, anatoroka kwenda wapi? Februari 1917 Wintgens mwenyewe aliligeuza jeshi lake kuelekea kaskazini, na wanahistoria wanataja hamu ya askari wake ya kurudi makwao kuwa miongoni mwa sababu.

Mwaka 1964 Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa askari wazee waliokuwa bado hai malimbikizo ya mshahara wao, na malipo yakafanyika Mwanza. Waliohitajika kujitokeza ni wale waliobeba bunduki.