Kirusi Hakijafa, Kimelala Tu

Kuna maneno yanazunguka huku mainland, Likoni hadi Kisauni: "Nimepimwa, virusi havionekani. Kwani hizi dawa za nini tena?" Wenzangu, sikizeni historia kidogo.

Kenya ilimtambua mgonjwa wake wa kwanza wa UKIMWI mwaka wa 1984. Mwaka uliofuata, watafiti Marekani wakaeleza protini moja ya HIV inayoitwa Tat. Ni ndogo sana, lakini kazi yake!

HIV ikiingia seli ya kinga, hutengeneza DNA yake na kuipachika ndani ya DNA yako. Ili izaane, lazima seli ipige kopi za hiyo DNA. Fikiria mashine ya fotokopi: inachapa mistari michache, inakwama. Hapo Tat inashika ile kopi iliyokwama, inaita protini za seli yako mwenyewe, mashine inashika kasi. Kopi zikiongezeka, Tat nayo inaongezeka, kasi inazidi.

Lakini Tat ikiwa kidogo, mashine inanyamaza. Kirusi kinalala ndani ya seli, na kinga ya mwili haikioni. ARV huzuia kisiambukize seli nyingine. DNA iliyokwisha kupachikwa haziigusi. Mwaka wa 1997 watafiti walionyesha kwamba hata kwa watu ambao dawa zimewafanyia kazi vizuri, kirusi bado kimo, kinangoja. Ukiacha dawa, seli chache zikiamka, Tat inarudi kazini. Mara nyingi ni wiki chache tu, virusi vishajaa damuni.

Novemba 1999 Rais Moi alitangaza UKIMWI janga la kitaifa. ARV zikawa bure hospitali za umma 2006. Hesabu miaka hiyo saba, halafu ongeza ile ya kabla yake. Wangapi walizikwa wakiitamani tembe ambayo leo mtu anaitupa juu ya aibu ya kuonekana nayo?

Watafiti bado wanatafuta dawa ya kuifunga Tat kabisa isiamke tena. Haijafika duka la dawa. Mpaka ifike, "havionekani" maana yake dawa inafanya kazi, na ukiendelea nayo humwambukizi mpenzi wako. Kwa hivyo ukimwona mwenzio anameza tembe, usimcheke. Mpe maji.